Kupandishwa Ligi Kuu na Radi Isiyo Yangu

Hapa sokoni Sumbawanga ninakonunua mahindi hakuna mkulima anayenichanganyia mchanga kwenye gunia. Wenzangu wote wanalalamika: mara pumba, mara mawe, mara mahindi mabichi yamefichwa katikati. La kwangu linakuja safi kama mbegu. Wafanyabiashara wageni wanafikiri nina bahati, au nina maneno matamu. Sina hata kimoja. Watu wananiogopa. Wananiogopa tangu siku radi ilipopiga goli la uwanja wetu Malangali, nami nimechoka, ndiyo maana naandika.

Majina siandiki. Mji wetu mdogo, kila mtu ni shemeji wa mtu. Lakini vyeo nitaviandika, na wenye vyeo watajijua. Mwenyekiti wa timu yetu ya wakati ule, mwenye mashine ya kusaga, ajijue. Mjomba wangu, mdogo wake mama, ajijue. Meneja wa ile klabu ya Ligi Kuu ajijue kuliko wote. Kazi niliyoifanya kwa miguu yangu hawa watu waliichukua wakaipa radi, na mpaka leo radi haijairudisha.

Niliishia darasa la saba. Kwetu tulilima mahindi na ulezi, Jumapili kanisani, Jumatatu shambani, nikaona jembe linanichelewesha. Nikapata kazi ya utingo kwenye lori lililokuwa likishuka Muze kufuata mpunga. Kushuka bondeni si shida, shida ni kupanda. Ule mlima wa Lyamba, lori likiwa limejaa mpaka mabomba ya juu ya bodi hayaonekani, linapanda kwa gia namba moja huku linalia kama ng'ombe anayezaa. Pale utingo hakai juu ya mizigo. Anashuka, anabeba gogo begani, anakimbia nyuma ya gari kona baada ya kona. Gari likizima analitupa gogo chini ya tairi la nyuma kabla halijaanza kurudi. Akichelewa, lori, dereva na mpunga vyote vinarudi Muze kwa njia ya mkato.

Dereva wangu, likishika mwendo, hakuwa mtu wa kusimama anipakie. Alisema akisimama halitaondoka tena. Kwa hiyo nilikimbia na gogo langu mpaka juu kabisa, kwenye moshi mweusi, safari baada ya safari, miaka. Nikirudi mjini jioni nikavaa njumu, nilijisikia kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nilicheza winga ya kulia. Mabeki wa mtaani walinigombeza kwamba naanza kukimbia kabla ya wenzangu. Kumbe tulianza pamoja, ila wao hawakuwahi kukimbizana na lori.

Kocha wetu alikuwa fundi seremala. Mafundisho yake yalikuwa mawili: winga asiogope mstari wa pembeni, na mchezaji asisimame mpaka asikie filimbi. Hilo la pili ndilo lililoniponza.

Tulikuwa tunacheza mechi ya mwisho ya ligi ya mkoa, sisi na timu ya wilaya nyingine. Mshindi anapanda. Kilikuwa kipindi cha mvua. Magoli yetu yalikuwa ya mabomba ya maji, mwenyekiti aliyapata anakokujua yeye. Nyuma ya goli la upande wa mashamba alikuwepo mzee mmoja Msukuma, mfugaji aliyehamia kwetu na familia yake na mifugo yake, mtu mpole, anapenda mpira kuliko sisi wenyeji. Kila mechi alikuja nao ng'ombe, akaegemea fimbo, akaangalia mpira, nao wakala nyasi nyuma ya nyavu.

Mpaka karibu na mwisho ilikuwa bila kwa bila. Mawingu yakapanda kutoka upande wa ziwa, meusi. Mwamuzi akawa anaangalia juu zaidi ya anavyoangalia mpira. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mstari wa kati, upande wangu wa kulia, nikiomba pasi, radi ikapiga.

Sikusikia mlio. Niliona weupe tu. Ilipiga lile bomba la juu la goli lao, la upande wa mashamba. Dume la mzee likaanguka pale pale. Kipa wao, ambaye Mungu alimpenda akawa amesogea mbele, akaanguka kifudifudi. Mabeki wakalala. Timu yetu ikalala. Watazamaji wakalala, wale waliokuwa juu ya mti wakashuka bila kupanga. Mwamuzi alilala na filimbi mkononi. Mimi pia nilianguka, masikio yanapiga kengele, mkono wa kushoto umekufa ganzi, na ganzi ile inanirudia mpaka leo kukiwa na baridi. Ila nilipofumbua macho niliuona mpira. Ulikuwa unaviringika polepole kuja kwangu, hauna mwenyewe. Na filimbi nilikuwa sijaisikia.

Nikaamka nikaukimbiza. Nilimruka beki wa pembeni, nikamzunguka beki wa kati aliyekuwa akisali Salamu Maria mdomo ukiwa kwenye matope, nikampita kipa, nikafunga kwenye goli linalofuka moshi. Nikageuka nishangilie, hakuna wa kushangilia naye. Aliyekuwa amesimama ni yule mzee peke yake, na yeye alikuwa analiangalia dume lake.

Mwamuzi alipoinuka aliuona mpira nyavuni. Akaniangalia mimi, akaangalia lile bomba, akanyoosha mkono kati. Goli. Nilikutana naye baadaye sana nikamwuliza kwa nini alilikubali, maana hata mimi nilikuwa na wasiwasi nalo. Akasema siku ile hakuwa tayari kunikatalia kitu chochote.

Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Lilikufa dume. Sasa kwetu radi si kitu kigeni, kila mwaka inapiga miti, inapiga nyumba. Lakini kwetu pia wapo wengi wanaoamini radi haiji hivi hivi, lazima awepo aliyeituma. Wakaanza kutafuta ushahidi, na ushahidi walikuwa nao uwanja mzima: wote tulianguka, akaamka mmoja, na goli ni lake.

Aliyekataa ni yule yule aliyepata hasara. Watu walikwenda kwa mzee kumpa pole, mwenyekiti akiwa mbele, akamwuliza hadharani anamshuku nani. Nilikuwepo, nimejibanza nyuma. Mzee akafikiri, akasema: "Radi ni radi. Nimetembea na ng'ombe kutoka kule kwetu mpaka hapa, imenipigia wengine njiani. Haina timu."

Wakati wa kurudi watu walikuwa wanatikisa vichwa. Walisema maskini mzee wa watu, ametishwa mpaka anamtetea mbaya wake.

Mwenyekiti angeweza kulizima jambo hili siku ile ile. Anajua alivyofanya, na mimi nalijua, nilikuwa nimekaa pembeni yake. Wageni walileta malalamiko kwamba goli halikuwa halali. Kikaitishwa kikao. Nilitegemea mwenyekiti aseme kijana wetu ana mbio, kijana wetu anacheza mpaka filimbi, mwulizeni dereva wa lori. Badala yake alisimama, akaleta mkono wake karibu na bega langu bila kunigusa, akasema: "Sisi hatusemi kitu. Ila mnajua hapa ni Sumbawanga." Akakaa. Wageni wakaomba maji ya kunywa, wakaondoa malalamiko.

Tukapanda. Yeye alibebwa juu juu mpaka kwenye mashine yake ya kusaga. Mimi hakuna aliyenibeba.

Mjomba akapokea kijiti. Watu walianza kuja nyumbani kuniulizia, wachezaji, makocha, hata mgombea mmoja wa udiwani. Mimi nikiwa njiani Muze, mjomba ndiye aliyewapokea. Aliwapa unga wa ulezi umefungwa kwenye karatasi, akawaambia wasifungue kabla ya siku yenyewe. Nilipogundua nilimjia juu. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba hajamdanganya mtu, hajawahi kutamka neno dawa. Wao ndio hawaulizi ni kitu gani. Kisha akanilaumu mimi: "Watu wametoka mbali, mpwa wangu, niwarudishe mikono mitupu?" Na ule ulezi ulikuwa wa kwetu, niliupalilia mimi.

Mama ndiye aliyenitia uchungu zaidi, ingawa yeye simweki kwenye wakosaji. Mama alikuwa mtu wa jumuiya, mtu wa kwaya, haachi misa. Baada ya radi ile, benchi alilokalia kanisani likawa na nafasi pande zote mbili. Hakunilaumu. Alinyunyiza maji ya baraka mlangoni kwangu, na mvua ikianza kunguruma aliniuliza kwa heshima, kama anavyoulizwa mgeni, kama nina safari.

Ndipo nikaapa. Nilijiambia nitafika Ligi Kuu, nitacheza, mechi itatangazwa redioni, watu wa Malangali watasikia nimekimbia, nimepiga krosi, nimechoka, nimekabwa, kama binadamu. Nilifikiri kule juu kuna watu wa mpira, na mtu wa mpira akiona mbio anajua ni mbio. Sikutaka kingine.

Timu moja ya daraja la kwanza, mkoa wa mbali, ikanifuata. Nilifurahi, nilidhani wameniona. Kule nilifanya mazoezi mpaka kocha akanionea huruma. Mlima ulikuwepo mmoja, mdogo, nikautafutia jiwe la kubeba nisijisikie mwepesi. Nikafunga magoli. Halali yote, jua likiwaka. Lakini nikifunga, wenzangu wanakuja kunikumbatia huku wanaangalia angani. Tukienda ugenini walinishusha mimi wa kwanza kwenye basi, nisimame mlangoni nionekane, ndipo wengine washuke. Manahodha wa timu pinzani walinisalimia kwa kunipungia. Siku moja niliteguka kifundo cha mguu, nikaomba nipumzishwe. Daktari wa timu akashangaa, akaniuliza ninakihitaji cha nini.

Nilivumilia, kwa sababu kila mechi ilikuwa inanisogeza. Na kweli, msimu ulipoisha nikaitwa na klabu ya Ligi Kuu, mji mkubwa wa pwani. Nikampigia mama simu. Nilimwambia nimefika.

Meneja wa klabu ile alinipokea ofisini. Shati jeupe, feni, jagi la juisi. Nilikuwa nimejiandaa kueleza nafasi ninazoweza kucheza. Hakuuliza. Aliangalia mlango kama umefungwa, akavuta kiti karibu.

"Inachukua muda gani mawingu kukusanyika?"

Nikamwambia mimi ni winga ya kulia.

"Sawa, winga. Lakini mawingu?"

Nikamweleza kila kitu, lori, gogo, mlima, filimbi. Alinisikiliza kwa makini, anaitikia, na mwisho akasema amefurahi kuona mtu anayejua kutunza siri. Nikasaini. Naandika hapa kwamba nilisaini, nikijua. Nilidhani nikishaingia uwanjani miguu itajitetea yenyewe.

Uwanjani sikuingizwa. Walinipa jezi, walinipa kiti cha mwisho cha benchi, kile kilicho karibu na benchi la wapinzani, na kazi yangu ilikuwa kukaa. Wapinzani waliokuwa wakipasha misuli wakifika usawa wangu walikuwa wanageuza. Tukishinda meneja alinipongeza mimi. Tukifungwa alinifuata hotelini kuniuliza kama kuna chakula fulani sikupata. Siku moja nilipiga chafya, kipa wa wageni akaachia mpira ukaingia. Goli lile meneja aliliandika kwangu, na alikuwa anasema kwa dhati.

Shida yake kubwa ilikuwa hali ya hewa. Kule pwani jua linawaka wiki kwa wiki. Alikuwa anakuja mazoezini asubuhi, anatazama juu, ananitazama mimi, anaondoka bila kusema neno. Kama mwenye shamba aliyeajiri kibarua mvivu.

Nilikuwa wa kwanza kufika mazoezini na wa mwisho kutoka. Nilipanda na kushuka ngazi za jukwaa mpaka walinzi wakawa wananiachia funguo. Kocha, mtu msomi, mpole, alikuwa ananiona. Jioni moja alisimama akaniangalia nikimaliza, akasema: "Unakimbia sana kwa mtu wa kazi yako."

Nikamwuliza, "Kocha, kwani kazi yangu ni ipi?"

Akaangalia pembeni. Akaniomba nisimtie matatani. Alikuwa na mkataba wa mwaka mmoja, na meneja alishamwambia kwamba winga wa kawaida atapata kokote, lakini mimi nikivunjika mguu uwanjani klabu haina mwingine. Kocha huyu naye ajijue, ila kwa herufi ndogo. Alikuwa mwoga tu, hakuwa mwizi.

Mama alikuwa anasikiliza mechi zetu zote redioni. Siku moja akapiga simu.

"Mwanangu, mbona hawakutaji? Unacheza au unakaa?"

"Nakaa, mama."

"Basi kaa vizuri, baba. Usije ukadhuru watoto wa watu."

Nilikata simu nikakaa kitandani na njumu mkononi. Nimepigwa na radi, naijua inavyouma. Ile simu iliuma zaidi.

Msimu ukaenda hivyo mpaka mwisho. Tulikuwa tunashuka daraja. Ikabaki mechi moja ya nyumbani, na lazima tushinde. Tulikuwa tumefungana moja kwa moja, kipindi cha pili kimekwenda, wachezaji wetu wamechoka, ndipo upepo ukabadilika ukaja na harufu ya mvua. Nikainua macho. Mawingu. Machache, ya kijivu, mawingu ambayo Sumbawanga usingeanulia hata nguo. Lakini meneja alikuwa ameshayaona. Alishuka jukwaani mbio, tai imekwenda mgongoni, akapita mbele ya watu wote mpaka kwenye benchi akamshika kocha bega. "Yamekuja. Mwingize."

Kocha akaniangalia. Nilikuwa nimeshavua koti.

Namba yangu ikainuliwa, na jukwaa likaanza kuhama. Sisemi kushangilia. Watu wa viti vya chini walihama kwenda juu, wa juu wakakumbuka kwamba juu ni karibu na mawingu, wakashuka. Walikutana kwenye ngazi. Mimi nikaingia Ligi Kuu. Nilikanyaga nyasi zile kwa mguu wa kulia, nikafanya ishara ya msalaba kama mama alivyonifunza, na beki wa kushoto wa wapinzani alipoona ile ishara akarudi nyuma hatua kadhaa.

Mpira wa kwanza ulikuja kwangu. Nikautuliza. Nikainua macho nimwone beki wangu, maana winga bila beki ni mtu anayekimbia tu. Beki alikuwa mbali, mikono ameiweka nyuma kama yuko msibani. Nikamsogelea, akasogea. Nikaingia ndani, beki wa kati akanipisha, tena kwa adabu. Mbali huko, upande wa ziwa wa mji ule, yaani baharini, kukanguruma kidogo, ngurumo ya kitoto. Kipa wao akakumbuka kwamba goli ni la chuma. Akatoka, akaenda kusimama nyuma ya mabango ya matangazo, akajifanya anafunga kamba za njumu.

Nikabaki na mpira, na goli tupu mbele yangu.

Pale benchi meneja alikuwa anapiga kelele nifunge. Wenzangu wananiita kwa jina, funga, funga. Goli moja na tunabaki Ligi Kuu. Nalijua hilo, sikulisahau, wasiseme nililisahau. Lakini nililiangalia goli lile nikaona ni lile lile la Malangali. Wote wamelala, nimesimama mimi. Nikifunga, basi milima yote niliyoikimbia haikuwepo. Nikaweka mguu juu ya mpira nikamgeukia beki wa kushoto. Alikuwa kijana, jasho linamtoka na hajakimbia.

"Njoo unikabe."

"Kaka, pita tu."

"Nimekwambia nikabe."

"Kaka, mimi nina watoto. Wa mwisho hata kutambaa hajaanza."

"Nimekimbia milima miaka na miaka kuja hapa. Njoo."

Akanitazama, akashindwa kujizuia. "Ulikimbia au ulikuja na ungo?"

Beki wa kati akacheka, akaziba mdomo haraka. Mwamuzi akanionyesha saa, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba kama sitajali, anaomba niendelee. Hata yeye alikuwa ananiomba.

Nikaona basi. Nikarudisha mpira nyuma, nje kabisa ya eneo la penalti, mahali ambapo mtu wa mpira anaweza kupiga bila aibu. Nilijiambia kipa yupo, amejipanga, amefunika upande wa kushoto. Nikapiga kwa nguvu zangu zote kona ya kulia, kama nilivyokuwa nikipiga jioni walinzi wakiniachia funguo. Mpira ukagonga mwamba wa pembeni, ukarudi uwanjani.

Goli tupu. Nilikosa goli tupu kwenye Ligi Kuu.

Yaliyofuata kwa upande wa klabu nayamaliza hapa hapa nisiyarudie. Mechi iliisha sare, tukashuka daraja. Meneja alisema nimenunuliwa na wapinzani, halafu akasema hapana, nguvu zangu zimeisha muda wake njiani kwa sababu ya joto la pwani, na hayo yote aliyasema kwenye redio bila haya. Nilirudishwa kwa basi. Hakuna timu iliyonitafuta tena. Waliotaka radi walijua sina, na waliotaka winga walikuwa hawajawahi kunisikia. Mwenyekiti alisema wangemwuliza yeye namna ya kunitumia. Haya ndiyo waliyonifanyia, na wote wapo hai, wanakula.

Lakini baada ya mpira kugonga mwamba, mtu mmoja jukwaani akacheka. Akacheka wa pili. Kikaja kicheko kikubwa, cha uwanja mzima, cha watu waliokuwa wamebanana kwenye ngazi. Kipa akatoka nyuma ya mabango akijipangusa magoti. Na beki wangu wa kushoto akanikazia macho, uso umefunguka kama wa mtu aliyepata ndugu.

"Kumbe na wewe unakosa."

Mpira uliofuata nilipewa upande ule ule. Sikuupiga hata mara mbili. Alinijia miguu yote miwili, nikapaa, nikashuka kwa mbavu kwenye chaki. Nilikaa chini natema nyasi. Kaka, aliniambia, hapa ni kazini, amka. Nikaamka. Nikamfuata tena, nikampita kwa nje, akanivuta jezi ikachanika begani, nikapiga krosi, mwenzangu akaiweka juu. Tena. Safari hii alinisoma, akaninyang'anya mpira, akanipiga na kiwiko kidogo cha kunikumbusha. Alinitukana, nikamtukana. Mvua ikaanza, ya kawaida, ya kulowanisha, na hakuna aliyeangalia juu.

Dakika za mwisho aliondoka na mpira mbele yangu, akiwa na uhakika kwamba winga mzee amechoka. Hakujua. Nilimkimbiza uwanja mzima, nikamfikia karibu na kibendera cha kona yetu, nikateleza kuufuata mpira, nikaukosa, nikampata yeye. Akaviringika analia kwamba nimemuua. Mwamuzi akaja mbio, hasira usoni, akaniamuru nisogee mbele yake, akanichomolea kadi ya njano puani. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Nikamwomba aandike namba yangu vizuri. Akaniambia nifunge mdomo nirudi nyuma, nisimpotezee muda.

Nikarudi nyuma, nikasimama kwenye ukuta na wenzangu, tukasubiri faulo ipigwe.